Nchi Iliyokosa Mtani

Nchi ninayoieleza ipo, ila jina lake nimeliacha nyumbani kwa ajili ya afya yangu. Haipakani na nchi yako, msomaji, na ukiona kiongozi wake anafanana na mtu unayemfahamu, hilo ni tatizo la macho yako, nenda kapimwe. Mimi ni fundi wa mihuri ya mpira. Kibanda changu kiko nyuma ya Wizara ya Itifaki, na kwa miaka ishirini na mbili serikali yetu haijaamua jambo lolote kabla sijalichonga kinyumenyume. Kwa hiyo ninayosimulia nayajua vizuri.

Mambo yalianza siku ya kuzaliwa ya Mtukufu, ambayo kwetu huadhimishwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu mara moja haitoshi. Katika hotuba yake iliyochukua saa tatu alisema, "Ndugu wananchi, ukubwa huu mnaouona haukuanzia kwangu." Mawaziri wakatikisa vichwa kwa kustaajabia unyenyekevu huo. Kesho yake ikaundwa Idara ya Nasaba, yenye maofisa arobaini na madereva hamsini, ikapewa kazi moja tu: kuthibitisha kwamba Mtukufu ametoka katika damu ya Ngulumbi.

Ngulumbi ndiye babu wa taifa letu. Aliishi miaka mia nne iliyopita. Vitabu vyetu vya shule vinasema alivuka mto, na havisemi zaidi ya hapo, lakini sisi kwa jambo hilo moja tumemjengea sanamu kumi na saba, zote zikiwa zimekunja suruali hadi magotini.

Katika idara hiyo aliwekwa karani mmoja mwembamba, Bwana Chilongola, mtu mwenye ugonjwa wa ajabu: kila akipewa karatasi alisoma kilichoandikwa. Ndiye aliyefanya kazi yote, wenzake wakiwa semina. Baada ya miezi minane aliitwa Ikulu kutoa taarifa.

"Mtukufu," alisema, "hakuna shaka hata chembe. Wewe ni wa uzao wa Ngulumbi."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Na mimi pia," akaendelea. Makofi yakapungua. "Na dereva wako. Na yule mama anayeuza maandazi getini."

Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Bakilana, alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini ugonjwa ni ugonjwa. Chilongola akageuza ukurasa. Alieleza kwamba kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na juu yao wanane, na juu yao kumi na sita. Ukipanda hivyo hadi vizazi kumi na sita, ndipo alipo Ngulumbi, utahitaji wazee zaidi ya elfu sitini na tano kwa mtu mmoja tu. Wakati ule nchi nzima haikuwa na watu elfu ishirini.

"Hao wengine walitoka wapi?" aliuliza Mtukufu, akishuku uvamizi.

"Hawakutoka popote, Mtukufu. Ni walewale, wamehesabiwa mara nyingi. Kila aliyeacha uzao wakati ule ni babu au bibi yetu sote. Tuna neno la mjukuu, la kitukuu, la kilembwe, la kilembwekeza, halafu maneno yanatuishia, lakini undugu wenyewe hauishi."

"Yaani mimi na muuza maandazi ni ndugu?"

"Mara mia kadhaa, Mtukufu. Kwa upande wa baba na wa mama."

Hapo ndipo Mheshimiwa Bakilana alipoonyesha kwa nini amedumu wizarani wakati wenzake sita wamekwenda kulima. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mtukufu, huu ni ushindi. Viongozi wa nchi nyingine wana wananchi. Wewe una jamaa. Mwananchi hudai. Jamaa huomba, na akikosa hunyamaza, maana ni mambo ya kifamilia."

Mtukufu akatabasamu. Sheria ya Udugu wa Damu ikapitishwa kabla ya chakula cha mchana. Kila raia alitakiwa kubeba cheti chenye muhuri wa ANA DAMU. Nilichonga mihuri mia nne juma lile, vidole vikanivimba kama mihogo, na nakiri nilifurahi.

*

Jamaa wakishapatikana, kinachofuata ni msiba. Mtukufu aliona haifai babu wa watu milioni tisa alale kilimani chini ya jiwe, akipata kufagiliwa tu na wanakijiji wasio na itifaki. Ikaamriwa mifupa ya Ngulumbi ichimbuliwe na izikwe upya katika uwanja wa Ikulu, kwa heshima zote za mazishi, na mfiwa mkuu awe Mtukufu mwenyewe. Nchi nzima iketi matanga.

Sasa ni lazima nikueleze kidogo, ikiwa kwenu mmekwisha kuwa watu wa kisasa. Kwetu mfiwa hafanyi kazi. Hapiki, hachimbi kaburi, hachoti maji. Kazi hizo zote ni za watani, watu wa ukoo au kabila lingine lililotaniana na lenu tangu zamani. Mtani huja msibani anacheka. Humwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, humtaja ubahili wake mbele ya mjane, na mjane, aliyekuwa amejiapiza hatacheka tena maishani, hujikuta ameficha uso kwenye kanga mabega yakimtikisika. Na kaburi likishachimbwa, mtani hushuka akalala ndani. Hatoki mpaka mfiwa mkuu ampe anachotaka, kuku au kanga au ahadi, kisha amshike mkono mwenyewe amvute juu. Mkono wa mtu mwingine haufai. Bila hayo maiti haishuki.

Basi siku ya kwanza ya matanga tuliketi mikekani tukilia kwa nidhamu. Nilimwambia jirani yangu, "Pole." Akanijibu, "Pole wewe." Tukakaa. Ilipofika saa nane njaa ikauma, tukageuza shingo kutazama watani wanapokuja na masufuria. Hawakuja. Siku ya pili tukatuma watu kwa watani wetu wa kusini. Wajumbe walirudi wakasema watani wa kusini nao wako mikekani wanalia, wana vyeti vya ANA DAMU kama sisi, na wametuma watu kuja kutuulizia sisi tumechelewa wapi.

Siku ya nne watoto walikuwa wanakula maembe mabichi. Mzee mmoja wa mtaa wetu, kwa kutaka kutuchangamsha, alisema labda Ngulumbi alivuka mto akikimbia wakwe. Alikamatwa pale pale kwa kosa la kumtania marehemu wa damu yake. Kosa hilo lilikuwa jipya, nami nilichonga muhuri wake usiku uleule nikiwa na njaa.

Siku ya tano Wizara ya Itifaki ilifungua sheria yake yenyewe, jambo ambalo huwa haifanyi. Kifungu cha saba kilisema: mtani ni mtu yeyote asiye na damu ya marehemu. Mheshimiwa Bakilana akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Katika nchi nzima hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Ilibidi atengenezwe mmoja.

*

Walimchagua Sikudhani Mtepa, na kwa kweli hata ningeulizwa mimi ningemtaja yeye. Ni jirani yangu, mjane, mpika vitumbua, na hakuna mtani anayemfikia. Katika msiba wa kaka yangu aliingia amevaa koti la marehemu, akaanza kudai madeni ya marehemu kwa sauti ya marehemu, hata mama yangu akacheka mpaka akasahau alikuwa analia nini. Namwita Mama Semeni, kwa jina la binti yake wa pekee. Semeni wakati huo alikuwa amelazwa wodi ya wazazi, mimba ya kwanza, ya taabu, madaktari wamemwambia asiinuke kitandani. Mama yake alimpelekea uji kila asubuhi kwenye chupa ya chai, akamwogesha, akamkanda miguu, akarudi kuuza vitumbua, mpaka matanga yalipomfungia biashara.

Waziri alikuja mwenyewe kibandani kwake, amebeba karatasi.

"Mama, taifa linakuomba. Utasaini hapa kwamba huna damu ya Ngulumbi."

"Lakini mwanao Chilongola alisema redioni tunayo sote."

"Si mwanangu. Na hii ni karatasi tu, mama."

"Ikishasainiwa, watu watakula?"

"Jioni hii hii."

Mama Semeni alitazama watoto waliokuwa wakitafuna maembe mabichi kwa chumvi, akafuta mikono, akasaini. Sheria ilitaka pia kipimo, basi wakamchoma sindano, damu ikapelekwa maabara pamoja na kipande cha mfupa na damu za raia wengine za kulinganisha. Mtukufu naye alitoa ya kwake, kusudi ya mama isomeke sifuri na ya Mtukufu isomeke nyingi kuliko zote, na zote mbili zitangazwe siku ya maziko.

Majibu yalitoka. Mheshimiwa Bakilana aliyasoma, akakaa chini, akayaweka kwenye jalada, akalifunga kwa utepe mafundo mawili, akatamka kwamba majibu ni mazuri sana. Kisha nikaagizwa muhuri mmoja, nakala moja tu, wa maneno HANA DAMU. Niliuchonga. Ulitoka vizuri, herufi zimenyooka.

Mama Semeni akapika. Alipika kwa mapipa, akisaidiwa na askari waliovaa glavu ili isihesabike kwamba wamepika. Alitutania akitugawia, na nchi ikala.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda hospitali na uji wake. Mlinzi wa getini, kijana mstaarabu, aliomba cheti, maana tangu sheria ipite wodini waliingia ndugu wa damu peke yao.

"Hapa pameandikwa huna damu, mama."

"Huyo ni mwanangu. Nimemzaa."

"Sikatai, mama. Lakini yeye cheti chake kinasema anayo, wewe huna. Sasa umemzaaje?"

"Mpelekee basi uji."

"Chakula cha mtu baki hatupokei, mama yangu. Nisamehe."

Alisimama pale getini mpaka uji ukapoa. Kupitia dirisha la wodi alimsikia Semeni akiulizia, "Mama hajafika?" na muuguzi akijibu kwamba kwenye daftari anaonekana hana mama.

Alikuja kwangu moja kwa moja. Hakutania. Kumwona mtu yule amesimama mlangoni bila neno la utani kulinishtua kuliko kama angelia.

"Fundi, nichongee wa ANA DAMU. Mmoja tu. Nitagonga mwenyewe."

Mihuri mia nne nilikuwa nimeichonga mimi. Mmoja wa mazoezi ulikuwa chini ya meza, kando ya mguu wangu. Nikamwambia, "Mama Semeni, unajua kazi yangu ilivyo." Akasema anajua. Akaniachia chupa ya uji, akasema ninywe, usiharibike. Niliunywa, na aibu ya uji ule bado ninayo.

*

Siku ya maziko uwanja wa Ikulu ulijaa. Mifupa ilikuwa kwenye jeneza la kioo. Mtukufu, mfiwa mkuu, alikaa mbele kwenye mkeka uliotandikwa juu ya kiti. Mama Semeni alipewa karatasi yenye vichekesho kumi na viwili vilivyoidhinishwa na kamati. Alisoma cha kwanza: "Marehemu alipenda maendeleo." Tulicheka kwa sekunde nane, kama ilivyopangwa.

Akaitazama karatasi, akaikunja, akavua ndala zake, akashuka kaburini akalala.

Mtukufu alijua utaratibu. Akasogea ukingoni na kuku wa kienyeji aliyekuwa amefungwa utepe wa rangi za bendera. "Mtani wetu, chukua kuku, utoke."

"Sitaki kuku," sauti ikatoka chini, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kinaning'inia pale pale, redio zote zikaidaka. "Nataka mwanangu. Semeni amepelekwa chumba cha kuzalia tangu alfajiri, yuko peke yake, na mimi nimezuiwa getini kwa cheti chenu. Nipeni damu yangu ndipo nitoke."

Watu wakaguna, uwanja mzima. Mtukufu alirekebisha tai. Ni hodari wa majibu. "Mama, serikali haigawi damu. Sayansi imesema huna. Kama huamini, tutakusomea." Akageuka, akanyoosha kidole. "Msomeeni majibu ya maabara! Karani wa majalada yuko wapi?"

Mheshimiwa Bakilana alinyoosha mkono kulizuia jalada. Chilongola alikuwa amekwisha kufungua fundo la kwanza.

Nimesema mtu huyu ana ugonjwa. Alisogeza kipaza sauti, akakohoa, akasoma kilichoandikwa. "Sikudhani Mtepa: damu ya Ngulumbi imeonekana. Ni nyingi kuliko ya raia yeyote aliyepimwa. Ndiye jamaa wa karibu zaidi wa marehemu katika nchi hii."

Akageuza ukurasa. Naapa nilisikia ukurasa ule ukigeuka.

"Mtukufu: damu ya Ngulumbi haikuonekana."

"Haikuonekana kivipi?" alifoka Mtukufu. "Wewe mwenyewe ulisema ni babu yangu!"

"Ni babu yako, Mtukufu, hilo halibadiliki. Lakini kila kizazi hurithi nusu na kuacha nusu. Ni kama sahani ya pilau inayopitishwa kwa watu kumi na sita. Wote wamealikwa, ila mwingine hufikiwa na sahani imebaki vijiti vya mdalasini." Kisha, kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa chini ya ukurasa, akasoma na kifungu cha saba: "Mtani ni mtu yeyote asiye na damu ya marehemu."

Watu milioni tisa walikuwa wanafanya hesabu moja.

Mama Semeni aliinuka. Hakungoja mkono wa mtu, maana sasa mfiwa mkuu ni yeye, na mfiwa mkuu havutwi na yeyote. Alipanda ngazi za wachimbaji, amejaa udongo mgongoni, akatafuta ndala zake, akavaa. Akamtazama Mtukufu kwa upole kabisa, kama anavyomtazama mteja.

"Basi shuka, mtani," akamwambia. "Watu wana njaa."

Mtukufu aliwatazama walinzi. Walinzi wote walikuwa na ANA DAMU, ni wafiwa, na mfiwa hafanyi kazi msibani. Walikuwa wameketi. Mheshimiwa Bakilana akamsogelea sikioni, lakini kile kipaza sauti kilikuwa bado kinaning'inia, tukasikia sote. "Dakika moja tu, Mtukufu. Tunapiga picha, mama anakuvuta, tumemaliza. Uchaguzi uko karibu. Mtu wa watu."

Mtukufu akavua koti. Akashuka kaburini kwa uangalifu, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Wapiga picha wakapiga. Ilikuwa picha nzuri. Kisha wote tukageuka kumtazama mfiwa mkuu aje ampe mkono.

Hakuwepo. Alikuwa amekwisha fika barabarani, anakwenda mbiombio, kanga moja mkononi. Mimi nilimkimbilia. Nilimkuta karibu na geti la hospitali nikatoa mfukoni muhuri wa mazoezi, nikauloweka kwa mate kwa kuwa sikuwa na wino, nikagonga kwenye kile cheti chake juu ya HANA. Hakikusomeka kitu. Mlinzi alikuwa na redio sikioni. Alikitazama cheti kile, akanitazama mimi, akafungua geti lote, hata lile la magari.

*

Semeni alijifungua saa tisa alasiri, mama yake amemshika mabega. Ni mtoto wa kike. Wote wazima.

Wizara imepeleka wajumbe mara saba kumwomba Mama Semeni aje atoe mkono wake. Anawakaribisha vizuri, anawapa vitumbua, anawaomba waseme taratibu mtoto amelala. Ametoa ahadi kwamba atakuja, hana kinyongo na mtu. Lakini mzazi wa kwanza anahitaji kuangaliwa, hivyo watamwona mtoto akishatoka arobaini.

Mambo yanakwenda vizuri: njaa imetuondoa mikekani, kila mtu anajipikia na kufanya kazi zake. Baraza la mawaziri linakutana ukingoni mwa kaburi, na Mtukufu amepelekewa mwavuli na godoro. Mifupa ya Ngulumbi inangoja kwenye kioo chake, haina haraka. Jioni, tukitoka kazini, sisi wafiwa hupita kumwona. Hutoa hotuba akiwa kule chini, kuhusu barabara alizojenga na bei alizoshusha, na kwa kuwa mtani kazi yake ni kuchekesha, tunacheka mpaka machozi yanatutoka. Zamani pia alikuwa akituchekesha, ila tulikuwa tunachekea nyumbani.